Nyasi za Mtu Asiye na Ng'ombe

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usiwe na wasiwasi. Nitakurudishia yaliyopita kwa ufupi, halafu tuingie kwenye aibu za juma hili, ambazo ni nyingi zaidi.

Mimi ni Njau, karani wa zamani wa kiwanda kimoja cha mananasi Thika, mume wa Waithira na baba wa Mumbi. Tulihama Makongeni tukaja Kalimoni, kwenye ploti ambayo Waithira aliinunua kwa jasho lake. Hati ina jina lake. Nyumba ya mawe tunayojenga humo imefika kwenye linta, juu ya madirisha, na kila jiwe lake lilitoka kwenye maziwa ya ng'ombe mmoja, Friesian mweusi kwa mweupe tuliyemwita Sista kwa sababu alivaa kama masista wa misheni.

Mwezi wa pili mwaka huu wa tisini na tisa, Waithira alipokwenda kumwangalia mamake, nilimfungua Sista nikampeleka kwa Irshad, mwenye duka la redio mjini Thika. Irshad ana zizi Ngoingwa na anajua ng'ombe kuliko anavyojua redio. Alimtazama meno, akamtazama kiwele, akaingia ndani akatoka na simu ya mkononi. Ng'ombe kwa simu. Tukapeana mikono.

"Na kama ana mimba," Irshad akasema, maana ni mtu wa haki, "ndama wa kwanza ni wako. Nitakupigia."

Waithira nilimwambia Sista ameibwa. Nilimwonyesha hata kamba iliyokatwa. Niliikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Na simu je? Nilimwambia kampuni ya simu ilikuwa ikitafuta wakala mwaminifu huku kwetu, ikanichagua mimi. Aliamini yote mawili katika juma moja, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kalimoni hapakuwa na netiweki, wala Ruiru. Simu ile ililia mara moja dukani kwa Irshad alipoijaribu, kisha ikanyamaza. Niliichaji kila Jumamosi kwa kinyozi wa Ruiru, nikaivaa mfukoni mwa shati antena ikichungulia nje, nayo ikanyamaza tu.

Lakini heshima niliipata. Nilifanywa mwenyekiti wa kamati mbili za mazishi na moja ya harusi, mimi ambaye zamani nilitumwa kuleta viti. Watu walisema, "Muulizeni Njau, ana simu." Niulizwe nini, hawakusema.

Kisha mwezi wa nane likaja Landrova jeupe. Watu walishuka, wakapima, wakachomeka kigingi chenye kichwa chekundu katikati ya mahindi ya jirani yangu Ndung'u, wakaondoka. Kabla vumbi halijatua, Kalimoni yote ilishajua: hapo patasimama mnara wa simu, na Ndung'u atalipwa kodi kila mwezi hadi afe, na akishafa walipwe watoto wake.

Nilishindwa kula. Mwenye simu ni mimi, mnara upewe mtu wa mahindi?

Jumapili, watu wakiwa kanisani, niliingia kwa Ndung'u nikaking'oa kigingi, nikakificha ndani ya mzigo wa nyasi za nepia, nikajitwisha mgongoni na kukihamishia kwenye ploti yetu, hatua kumi kutoka kwenye ukuta wa nyumba mpya. Jumapili iliyofuata Ndung'u alisimama kanisani akatangaza kwa sauti ya kuongoza kwaya kwamba ameibiwa mnara.

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa tuendelee.

*

Jumanne Ndung'u alikuja kwangu amevaa koti la Jumapili. Mtu akivaa koti la Jumapili siku ya Jumanne, ujue hakuja kuomba chumvi.

Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kigingi, akakizunguka mara mbili.

"Njau. Hiki ni changu."

"Kigingi ni cha serikali, Ndung'u. Serikali inaweka pale inapotaka."

"Serikali iliweka kwangu."

"Basi ilibadilisha mawazo. Si unajua serikali?"

Aliinama akanusa udongo, akaugusa kwa kidole. "Hii mchanga bado ni laini. Imechimbwa juzi."

"Mvua hiyo."

"Mvua gani? Tangu Julai haijanyesha."

Nikatoa simu mfukoni nikaitazama kama mtu anayetarajia kupigiwa. Dawa hiyo ilikuwa imeniokoa mara nyingi. Siku hiyo haikuokoa kitu.

"Na kitu ingine," Ndung'u akasema. "Ile Jumapili nikitoka kanisani tulipatana kwa njia. Ulikuwa umebeba nepia. Nilikuuliza ni ya nani, ukanyamaza. Atiriri, sikiliza, Njau, ng'ombe yako si iliibwa? Nepia ni ya kulisha nani?"

Ndugu msomaji, katika mipango yangu yote hilo sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria nyayo, nilifikiria mbwa wake, nilifikiria hata rangi ya kigingi isichafue shati. Sikufikiria kwamba mtu asiye na ng'ombe habebi nyasi.

"Sungura," nikasema.

"Uko na sungura?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Wamelala."

"Njau, kung'oa alama kwa shamba ya mtu, unajua wazee wetu walikuwa wanasema nini. Hiyo kitu inafuata mtu hadi kwa watoto."

Nilijua. Nilikulia katika boma ambalo babu alipanda maua ya alama mpakani, na hakuna aliyethubutu kuyasogeza hata kwa jembe lililoteleza. Lakini nilijiambia kwamba huu si mpaka, hiki ni kijiti tu cha watu wa Landrova, na laana za zamani hazijui mambo ya simu.

Jumatano nilikwenda soko la Ruiru kununua sungura. Muuzaji aliniapia kwamba wote wawili ni madume. Kufikia katikati ya mwezi wa tisa walikuwa kumi na mmoja.

Waithira alipowaona mara ya kwanza alisimama kwenye mlango wa zizi tupu la Sista, mkono kiunoni. Niliwaweka humo.

"Baba Mumbi, hawa ni wa nini?"

"Biashara."

"Sawa," akasema, akaenda kuteka maji. Nami nikafurahi kwamba ameridhika. Wanaume tuna ujinga wetu.

*

Juma lililofuata Landrova lilirudi. Safari hii lilikuwa na mpimaji mwenyewe, bwana mmoja mpole aitwaye Musau, na vijana wawili wenye minyororo ya kupimia. Waithira alikuwa Thika, amempeleka Mumbi kununua sare ya shule.

Musau alitazama ramani yake, akatazama kigingi, akatazama ramani tena, akajikuna kisogoni.

"Wenzangu waliniambia kiko kwa mahindi," akasema.

"Mahindi yalivunwa," nikamjibu upesi.

Ilikuwa kweli kwamba mahindi yalivunwa. Ila hayakuvunwa hapo.

Nilichinja jogoo. Nilipika mwenyewe chapati, zikatoka zimekakamaa lakini wakazila. Nikaleta chai ya maziwa ya kununua, nikiwa nimevaa simu kifuani, nikazungumza nao kama mtu wa kazi kwa watu wa kazi.

"Mradi huu utasaidia watu wengi," Musau akasema akitafuna paja.

"Tumeungoja sana."

"Kweli? Kwingine watu wanatukimbiza na panga."

"Hao hawajaendelea, bwana Musau. Sisi huku tunataka maendeleo. Chukueni nafasi ya kutosha. Msijibane."

Alicheka, akaniambia hajawahi kumpata raia wa namna yangu. Vijana wakapima kuanzia kwenye kigingi, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Walipofika kwenye ukuta wa nyumba yetu mmoja akauliza kama waruke.

"Msiruke," nikasema. "Nyumba si inaweza kuwa ofisi?"

Musau akatoa karatasi. Palikuwa na mstari ulioandikwa mwenye ardhi au mwakilishi wake. Nikatia sahihi bila kuvaa miwani, kwa mbwembwe, mkia wa jina ukipita mstari wa pili.

Wengi mtaniuliza, je, hukuuliza mradi ni wa nini? Sikuuliza. Mtu mwenye simu mfukoni anaanzaje kuuliza mnara ni nini? Ningeonekana mshamba mbele ya wapimaji. Hivyo ndivyo nilivyoipoteza nyumba ya mke wangu: kwa kuogopa kuonekana mshamba nikiwa nimesimama shambani.

*

Barua ilikuja kwa jina la Waithira, ikapitia kwa chifu. Aliisoma akiwa amekaa juu ya mawe yaliyobaki, mimi nikiwalisha sungura. Aliisoma mara ya kwanza midomo ikicheza. Mara ya pili midomo haikucheza.

"Baba Mumbi, kuja hapa."

Nilikwenda nikitabasamu. Nilidhani ni kodi ya mnara.

"Nisomee hapa. Labda macho yangu ni mabaya."

Nikasoma. Kaunsili inapenda kumjulisha mwenye ploti kwamba ardhi yake imechaguliwa kuwa mahali pa bwawa la maji taka litakalopokea maji ya vyoo vya mitaa yote mipya. Mwakilishi wa mwenye ardhi amekwisha kuridhia kwa hiari, nakala ya sahihi yake iko chini. Majengo yaliyomo yataondolewa. Mwenye pingamizi afike kwenye baraza la chifu, baada ya siku kumi na nne.

Nilirudia neno "vyoo" mara tatu nikitumaini litabadilika.

"Mwakilishi ni nani?" Waithira akauliza.

"Inawezekana wamekosea."

"Hii sahihi iko na mkia mrefu. Mimi najua mtu mmoja tu anaandika namna hii."

Alizungumza polepole, na laiti angepiga kelele. Kelele za Waithira nazijua, nimeishi nazo miaka kumi na tatu, zina mwanzo na mwisho. Utulivu wake ulinitia hofu.

"Kuna kitu unataka kuniambia, Baba Mumbi?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Mama Mumbi."

Akaikunja barua mara nne, akaitia kifuani, akainuka.

Jioni ile niliingia ndani ya nyumba isiyo na paa. Kwenye saruji ya dirisha la chumba cha Mumbi kuna alama ya mkono wake, aliyoiweka akiwa na miaka mitano kabla haijakauka. Nilipima mkono wangu juu yake. Nikafikiria maji ya vyoo vya mitaa yote mipya yakipita hapo, na nikalia. Sioni haya kusema. Nililia mpaka sungura mmoja akaja kunitazama.

Nikakata shauri kuungama. Ningesimama barazani niseme kigingi nilikihamisha mimi, kirudi kwa Ndung'u, ramani ichorwe upya, nyumba ipone.

Habari za Sista sikuona haja ya kuzitia humo. Nilisema nitaungama nusu kwanza, nusu nyingine ingoje Irshad aniite. Nikimrudishia Waithira ndama, nilifikiri, hataniuliza sana ametoka wapi.

*

Baraza lilifanyika kwa chifu, chini ya kibanda cha mabati. Kalimoni nzima ilifika. Wengine walitoka hadi Ruiru kwa kusikia kwamba kutakuwa na maneno. Waithira alikaa upande wa akina mama, shuka mabegani, hakunitazama hata mara moja.

Musau aliufungua mkutano kwa kuwaeleza watu habari za bwawa. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Na ule mnara, ile busta ya simu? Si mlisema ni busta?"

Musau akashangaa. "Busta? Nani alisema? Hiyo ni watu wengine kabisa, hata sisi hatuwajui. Yao iko Ruiru, huko nyuma ya machimbo ya mawe. Wamemaliza kujenga. Nasikia inawashwa wiki hii."

Umati uliguna. Nilihisi macho yote yakinitua kwenye mfuko wa shati, nikaifunika simu kwa kiganja.

Chifu akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikasimama.

"Mheshimiwa chifu, na nyinyi wazee na akina mama. Mimi ndiye niliyeking'oa kile kigingi. Kilikuwa kwa Ndung'u. Nilikiiba nikakileta kwetu nikidhani ni cha mnara. Kosa ni langu peke yangu. Mke wangu hajui lolote. Naomba kigingi kirudishwe kilikotoka."

Nikakaa. Nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Nilimgeukia Ndung'u nikingoja anirukie, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani anirukie.

Ndung'u alisimama bila haraka, akafunga vifungo vya koti moja moja.

"Chifu, mimi huyu jirani yangu sijui ni nini imempata. Kwa shamba yangu hakujawahi kuwa na kigingi."

Niliruka juu. "Ndung'u! Si ulitangaza kanisani!"

"Nilitangaza nini?"

"Ulisema umeibiwa mnara!"

"Mimi? Siku hiyo nilikuwa na homa. Sikumbuki."

"Si ulikuja kwangu na hilo koti! Ukanusa udongo!"

"Nilikuja kukusalimia. Kwani jirani hawezi kusalimia?"

Nikawageukia watu. "Nyinyi mlikuwa kanisani. Mlimsikia. Semeni basi!"

Nilitazama uso baada ya uso. Kiongozi wa akina mama alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba. Mzee wa kanisa alikuwa akisoma mabati. Ndipo akili ikanijia. Wote hao wanaishi upande wa chini wa shamba la Ndung'u, ule ambao upepo unauelekea. Bwawa likiwa kwangu watalisikia kwa habari. Likiwa kwa Ndung'u watalisikia kwa pua.

Kalimoni nzima ilikuwa imepata homa Jumapili ile.

"Njau," chifu akasema, "wewe ulisema ng'ombe imeibwa, hadi leo hatujaona mwizi. Ukasema wewe ni wakala wa kampuni, hadi leo hatujaona kampuni. Sasa unasema umeiba kijiti na mwenyewe anasema hakijaibwa. Mimi niandike nini hapa?"

Watu wakacheka. Nimesema uongo miezi saba watu wakanipa viti vya mbele. Siku niliyosema kweli, kweli moja tu, nikachekwa.

Musau aliinua mkono kuwatuliza. Niliona ananionea huruma, labda kwa sababu ya jogoo. "Chifu, ramani inaweza kubadilishwa kama kuna shahidi. Mmoja anatosha. Kuna mtu yeyote aliona huyu bwana aking'oa kigingi?"

Nilitazama chini.

"Mimi niko na la kusema."

Alikuwa Waithira. Alikuwa amesimama, na shuka lilikuwa limeanguka bega moja. Chifu akamwashiria aendelee.

"Ile Jumapili sikuenda kanisa. Nilikuwa na mafua. Nilikuwa naanika nguo huko juu, na kutoka hapo mtu anaona kwetu na anaona kwa Ndung'u. Nikaona Baba Mumbi anakuja amebeba nepia."

Ndung'u akaanza kukohoa. Hakuna aliyemjali.

"Sasa mimi nikajiuliza, mtu ng'ombe yake imeibwa, anabeba nyasi ya nini? Nikafikiria, nikasema, Ngai, Mungu wangu, amempata Sista. Amempata na anataka kunishangaza." Akalirudisha shuka begani. "Niliwacha nguo hapo. Nikakimbia nikafagia zizi. Nikaweka maji. Nikakaa kwa mlango nikingoja. Nilingoja mpaka jua ikaingia. Baada ya siku kumi akaniletea sungura."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka ardhi ifunguke, hata kama ndani yake mna maji ya vyoo vya mitaa yote.

Alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alikuwa anajua kwamba kuna jambo, na alikuwa ameningoja nimwambie, na mimi nilikuwa nawakatia sungura nyasi mbele ya macho yake.

"Pole, mama," chifu akasema. "Lakini swali ni hilo. Ulimwona aking'oa kigingi kwa Ndung'u, ama ulimwona na nyasi tu?"

"Nitajibu, chifu. Nikisema ndiyo nyumba yangu inapona, nikisema hapana inaenda. Hiyo naelewa. Lakini mimi nimengoja wiki saba. Kwanza na mimi niulize moja."

Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama siku ile.

"Baba Mumbi. Sista alienda wapi?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia, msomaji, sijui ni nini kingetoka. Labda kweli. Labda wezi wengine, wenye bunduki safari hii. Sitajua kamwe, kwa sababu wakati huo kifua changu kililia.

Kililia kwa sauti nyembamba, kali, ambayo hakuna mtu wa Kalimoni aliyewahi kuisikia. Akina mama wawili walishikana. Mbwa wa chifu alitoka chini ya meza akakimbia. Mimi mwenyewe nilijipapasa nikidhani ni nyuki.

"Njau," chifu akasema, macho yamemtoka, "si ni hiyo simu yako?"

Miezi saba nilikuwa nimeombea sauti hiyo. Niliiombea kwenye mazishi, niliiombea kwenye harusi. Mnara wa Ruiru ulikuwa umewashwa.

"Ishike," chifu akaamuru. "Tusikie."

"Mheshimiwa, labda baadaye..."

"Ishike!"

Nikabonyeza. Nikaiweka sikioni nikiikandamiza isipitishe kitu. Lakini siku hizi anayepiga simu hupiga na kelele, akidhani umbali ni uleule wa kuita ng'ambo ya mto, na chini ya mabati yale watu hawakupumua.

"Njau! Njau ndugu yangu! Ni Irshad wa Thika! Tangu jana napiga, tangu jana haipatikani! Sikiliza! Yule ng'ombe wako, Sista, amezaa jana! Ndama jike! Mweusi kwa mweupe, mamake mtupu! Si nilikwambia nitakupigia? Mapatano ni mapatano! Njoo umchukue, na uje na kamba!"

Kamba. Miongoni mwa maneno yote, akachagua hilo.

Irshad aliendelea, "Hallo? Hallo? Njau, unanisikia?" Kila mtu alikuwa anamsikia.

Chifu aliweka kalamu chini, kisha akaichukua tena. Musau alikuwa ametazama viatu vyake. Ndung'u peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu, tabasamu la mtu ambaye shamba lake limepona.

"Mama Mumbi," chifu akasema kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao, "pole sana. Lakini lazima niandike. Ulimwona aking'oa, ama hukumwona?"

Waithira alipita katikati ya akina mama, wakampisha. Alikuja hadi mbele yangu akasimama karibu, nikaona kwamba halii. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe."

"Mama Mumbi, wacha nikueleze..."

"Nipe simu."

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaitafuta sehemu ya kusemea, akaiweka sikioni.

"Irshad," akasema. "Ni mimi mwenye ng'ombe. Hapo hapo ulipo, usikate. Ngoja tu dakika moja, nimalize ya nyumba, kisha ya ng'ombe."

Kisha, simu ikiwa bado sikioni, akamgeukia chifu.

"Sasa niulize tena."